Kuweka Upya Mfumo Endeshi wa Kompyuta ya Nyumbani: Vikwazo vya Kawaida na Haki za Mtumiaji

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kutoa masahihisho ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotumika katika kompyuta nyingi za majumbani kwa takriban miaka kumi. Tangu hapo, wananchi wengi wamekuwa wakijiuliza endapo wanunue kompyuta nyingine au wafute kila kilichomo katika kompyuta waliyo nayo na kuuweka mfumo upya, kazi ambayo mafundi wetu huiita "kupiga Windows". Wapo wanaoifanya wenyewe nyumbani, na wapo wanaompelekea fundi.

Katika sehemu hii ya kijitabu tunaeleza kazi hiyo kwa kumlenga mtumiaji wa Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa kwa jumla, yaani Laela, Matai, Namanyere na vijiji vinavyozunguka miji hiyo. Mazingira ya huko yana mambo yake. Kutoka Sumbawanga hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 200, hivyo kifaa kinachokosekana mjini humgharimu mtumiaji nauli na siku kadhaa za kusubiri. Aidha, kompyuta moja mara nyingi hubeba kazi za watu wengi: hesabu za mahindi za baba, maandalio ya masomo ya mama aliye mwalimu, kumbukumbu za kikundi cha kuweka na kukopa, na picha za familia ambazo hazipo mahali pengine popote.

Jambo kuu tunalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: karibu kila hasara kubwa katika kazi hii huamuliwa kabla kazi haijaanza. Vikwazo vinavyojitokeza katikati vina ufumbuzi, na tutavieleza. Faili zilizofutwa bila nakala ndizo zisizo na ufumbuzi wa uhakika.

Je, kazi hii inahitajika kweli?

Kuna njia tatu ambazo huchanganywa. Ya kwanza ni kupandisha toleo, ambapo mfumo mpya hupokea nafasi ya ule wa zamani na faili hubaki. Ya pili ni kuurudisha mfumo katika hali ya awali kwa kutumia mipangilio ya kompyuta yenyewe. Hapa mtumiaji huulizwa iwapo anataka faili zake zibaki. Ya tatu ni kuweka mfumo upya kwa kufuta diski yote na kuanza mwanzo. Njia hii ya tatu ndiyo safi kuliko zote, na ndiyo isiyosamehe.

Kabla ya kuichagua, hakikisha tatizo lako linatokana na mfumo endeshi. Kompyuta inayochelewa kwa sababu RAM yake ni ndogo itaendelea kuchelewa baada ya kazi kwisha. Diski inayotoa mlio wa kugongagonga, au inayochukua dakika nyingi kufungua faili dogo, huenda inakaribia kufa. Kuilazimisha kupokea mfumo mpya ni kuharakisha kifo chake. Katika hali hiyo, nakili faili zako kwanza, kisha ubadilishe diski.

Maandalizi

Nakala za faili. Tengeneza nakala mbili katika vifaa viwili tofauti, kwa mfano diski ya nje na flashi, au diski ya nje na hifadhi ya mtandaoni. Watumiaji wengi huamini kwamba vitu vilivyo kwenye uso wa mbele wa skrini viko salama kwa kuwa "havimo ndani ya C". Hilo si kweli: uso huo ni folda iliyomo katika diski C kama folda nyingine, nao hufutwa pamoja nazo. Vilevile programu nyingi za hesabu huweka kumbukumbu zake katika folda ya programu yenyewe, si katika folda ya nyaraka. Tumia njia ya kutoa nakala iliyomo ndani ya programu hiyo. Baada ya kunakili, fungua baadhi ya faili katika kompyuta nyingine au simu. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijathibitishwa.

Ufunguo wa diski iliyofungwa. Baadhi ya kompyuta hufunga diski kwa usimbaji uitwao BitLocker, wakati mwingine bila mwenye nayo kutambua. Kubadili mipangilio ya kuwasha kompyuta kunaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya aliyeiandaa kompyuta mara ya kwanza. Ingia katika akaunti hiyo mapema, uuandike ufunguo kwenye karatasi, na uihifadhi karatasi mbali na kompyuta. Aliyenunua kompyuta iliyokwisha kutumika amwombe muuzaji aifungue diski kabla ya kulipa, kwa maana ufunguo ukiwa kwa mtu asiyejulikana, faili hazitapatikana tena.

Umeme. Kwa miaka mingi mkoa wa Rukwa umekuwa ukitegemea kwa sehemu kubwa umeme unaotoka Zambia, na watumiaji wanafahamu kukatika kwake. Kompyuta mpakato yenye betri nzima inatosha. Kompyuta ya mezani inahitaji kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda, yaani UPS. Katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, usianze kazi hii wakati radi zinapiga. Umeme ukikatika katikati ya kuweka mfumo, usiogope: kompyuta haijaharibika, bali mfumo haujakamilika. Washa upya kwa flashi na uanze mwanzo. Jambo la hatari ni umeme kukatika wakati wa kusasisha BIOS, yaani programu ndogo inayoiamsha kompyuta, kwa kuwa hapo mazabodi yenyewe inaweza kushindwa kuwaka. Usiisasishe BIOS bila chanzo cha umeme unachokiamini.

Flashi na bando. Flashi isiwe chini ya GB 8, na isiwe na kitu unachokihitaji, kwa sababu itafutwa. Faili la Windows 11 huzidi GB 5, kwa hiyo tafuta bando linalotosha au pakua mahali penye intaneti ya uhakika. Pakua kutoka tovuti ya mtengenezaji wa mfumo pekee. Faili linalozungushwa kwa flashi kutoka duka hadi duka linaweza kuwa limeongezewa vitu usivyoviona.

Vikwazo vya kawaida na namna ya kuvitatua

1. Kompyuta haiioni flashi. Sababu ya kawaida ni kwamba faili la mfumo lilinakiliwa ndani ya flashi kama wimbo au picha. Kunakili hakutoshi, flashi lazima iandaliwe kwa programu maalumu, kama ile inayotolewa na Microsoft yenyewe, ili kompyuta iweze kuwaka kupitia kwayo. Ikiwa imeandaliwa vyema, izime kompyuta, iwashe, na ubonyeze mara kwa mara kitufe cha kuchagua chanzo cha kuwasha. Katika kompyuta nyingi za Dell na Lenovo kitufe hicho ni F12. Katika nyingi za HP ni Esc au F9. Jaribu pia tundu jingine la USB kabla ya kuilaumu flashi.

2. Orodha ya diski ni tupu. Programu ya kuweka mfumo inafunguka, lakini haionyeshi diski yoyote. Katika kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, sababu ni kukosekana kwa draiva ya kidhibiti cha diski. Pakua draiva hiyo kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta kwa kutumia namba ya modeli iliyoandikwa chini yake, iweke katika flashi ikiwa imefunguliwa kutoka katika kifurushi chake, kisha utumie kitufe kilichoandikwa Load driver. Ikiwa diski haionekani hata ndani ya BIOS, basi imelegea au imekufa, na hilo ni suala la fundi.

3. Diski inaonekana lakini inakataliwa. Ujumbe hueleza kuwa diski ina mpangilio wa MBR ilhali kompyuta inataka GPT, au kinyume chake. Hii ni mipangilio miwili ya kugawa diski, wa zamani na wa sasa. Kwa kuwa umekwisha kuwa na nakala, futa migawanyo yote ya diski hiyo na uache programu iigawe upya. Hapa ndipo penye ajali mbaya kuliko zote: kufuta diski isiyokusudiwa. Kabla ya kufika hatua hii, chomoa diski ya nje yenye nakala zako na kila flashi isipokuwa ile ya kuwekea mfumo. Linganisha pia ukubwa wa diski unaouona na ule unaoufahamu. Tumeliweka onyo hili katikati ya maelezo ya kiufundi kwa makusudi, kwa kuwa mtumiaji anaweza kutengeneza nakala kwa uangalifu mkubwa kisha akazifuta kwa mkono wake dakika chache baadaye.

4. Kompyuta haikidhi masharti. Windows 11 inataka RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, uwezo wa kuwaka kwa njia salama, na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Prosesa nyingi za Intel zilizo kabla ya kizazi cha 8 hazimo katika orodha inayokubaliwa. Anza kwa kukagua BIOS, kwani kijenzi hicho huwa kipo ila kimezimwa. Kama hakipo kabisa, una njia ya kuweka mfumo wa bure kama Ubuntu au Linux Mint, unaotosha kwa kuandika, kuhesabu na kutumia intaneti. Lakini chunguza kwanza kama programu yako ya hesabu na printa yako vinafanya kazi humo. Wapo mafundi wanaoruka masharti haya kwa mbinu. Microsoft imeeleza kwamba kompyuta za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masahihisho. Fundi akifanya hivyo, ana wajibu wa kukueleza kabla, nawe uamue ukiwa unajua.

5. Kazi inajirudia bila kwisha. Kompyuta inazima na kuwaka, kisha inarudi katika ukurasa wa kwanza. Mara nyingi hakuna kilichoharibika: flashi ingali imechomekwa na kompyuta inaanza nayo tena. Ichomoe kompyuta inapozima kwa mara ya kwanza. Ikiwa kazi inakwama mahali palepale kila mara, andaa flashi nyingine, kisha ushuku RAM au diski.

6. Hakuna intaneti baada ya kuwaka. Windows 11 ya nyumbani hudai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa maandalizi, ilhali draiva ya Wi-Fi huenda bado haipo. Chukua simu, iunganishe kwa waya wa USB, na uwashe sehemu ya kugawa intaneti kwa USB katika mipangilio ya simu. Kwa kawaida kompyuta huitambua bila draiva ya ziada. Mara tu utakapoingia ndani, tia alama kwamba muunganisho huo unapimwa, la sivyo masahihisho yatamaliza bando lako kabla hujaifikia draiva uliyoihitaji.

7. Tovuti zote zinakataa kufunguka. Tazama saa na tarehe. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye mazabodi, aghalabu aina ya CR2032, ikiisha, kompyuta husahau tarehe, na tovuti salama huikataa. Badilisha betri, rekebisha tarehe, na katika orodha ya majira ya saa chagua Nairobi, UTC+3, ambayo ndiyo saa yetu.

8. Mfumo unadai leseni. Kompyuta iliyouzwa na Windows halali huwa na leseni iliyofungamanishwa na mazabodi yake, nayo hurejea yenyewe baada ya kuunganishwa na intaneti, alimradi umeweka toleo lile lile. Aliyekuwa na toleo la Home akiweka Pro, leseni haitarejea. Angalia toleo lako katika mipangilio kabla ya kufuta chochote.

Juu ya programu za kuvunja leseni

Pale leseni inapokosekana, baadhi ya mafundi hutumia programu ndogo ya kuudanganya mfumo. Mbali na kukiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, jambo hili lina madhara yanayomwangukia mtumiaji moja kwa moja. Programu hizo kwa kawaida humtaka mtu azime kinga ya virusi ili zifanye kazi. Mlango ukishafunguliwa hivyo, hakuna anayejua nini kingine kimeingia. Kompyuta inayotumiwa kuingia katika akaunti ya benki au barua pepe ya kazini haipaswi kuwekwa katika hali hiyo. Muulize fundi wazi: "Leseni hii imetoka wapi?" Jibu la kwamba "hiyo usijali" si jibu.

Unapompelekea fundi

Wapo mafundi wengi waaminifu, na taratibu zifuatazo huwalinda wao pamoja nawe.

Andika kabla ya kukabidhi: chapa na modeli ya kompyuta, namba yake, ukubwa wa RAM na ukubwa wa diski. Viangalie tena mbele ya fundi unapoichukua. Mabishano ya kwamba RAM ilipunguzwa ni magumu kuyamaliza pale ambapo hakuna kilichoandikwa mwanzoni.

Kubalianeni kwa maandishi mambo manne: faili zifutwe au zihifadhiwe, mfumo gani na toleo gani utawekwa, leseni ni halali au la, na gharama yote ni kiasi gani. Hata ujumbe mfupi wa simu wenye mambo hayo unatosha kuwa kumbukumbu. Neno "safisha" pekee ni la hatari, kwani mteja anaweza kumaanisha kuondoa virusi, na fundi akaelewa kufuta kila kitu.

Usimwachie fundi neno la siri la barua pepe yako. Kazi ya kuweka mfumo upya haihitaji kufungua picha zako wala nyaraka zako. Dai risiti ya EFD pale mtoa huduma anapopaswa kuitoa, na uitunze.

Faili zikiwa zimekwisha kufutwa

Acha kuitumia kompyuta mara moja. Katika diski za zamani zinazozunguka, faili lililofutwa linaweza kubaki hadi nafasi yake iandikwe kitu kingine, hivyo kila programu unayoiongeza hupunguza matumaini. Katika diski za SSD matumaini ni madogo zaidi, kwa kuwa diski yenyewe husafisha nafasi zilizoachwa. Jihadhari na anayekuahidi kurejesha kila kitu na kutaka malipo yote mapema.

Haki zako

Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mtumiaji kuhusu bidhaa au huduma. Kuuza kompyuta kwa kusema ina Windows halali ilhali leseni imevunjwa, au kusema ina RAM ya GB 8 ilhali ina GB 4, ni mambo yanayoangukia hapo. Huduma nayo inapaswa kutolewa kwa uangalifu na ujuzi unaostahili.

Ukiwa na lalamiko, anza na mtoa huduma mwenyewe. Mweleze kwa maandishi kilichotokea, unachodai, na muda unaompa. Ambatisha nakala ya risiti na makubaliano yenu. Asipokuridhisha, peleka shauri kwa Tume ya Ushindani ukiwa na nyaraka hizo. Iwapo picha au taarifa zako binafsi zimechukuliwa au kusambazwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa njia ya kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wizi wa fedha kupitia akaunti zako ulipotiwe polisi bila kuchelewa, na benki yako ijulishwe siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, ikumbukwe kuwa shauri lililoamuliwa kwa haki linaweza kumrudishia mtumiaji fedha zake, lakini haliwezi kurudisha daftari la mikopo la kikundi wala picha ya mzazi aliyefariki. Kwa sababu hiyo tunasisitiza maandalizi kuliko malalamiko.

Orodha ya kukagua kabla ya kufuta

• Nakala mbili zipo, na nimezifungua katika kifaa kingine.
• Kumbukumbu za programu ya hesabu zimetolewa kwa njia ya programu yenyewe.
• Ufunguo wa BitLocker umeandikwa, au diski haijafungwa.
• Ninajua toleo la Windows lililomo na leseni yake.
• Draiva za diski na Wi-Fi zimo katika flashi.
• Betri imejaa au UPS ipo.
• Diski ya nje yenye nakala imechomolewa.

Kisanduku kimoja kikikosa alama, ahirisha kazi hadi kesho. Kompyuta inayochelewa inaweza kuvumiliwa siku moja zaidi.